Kubuni kifaa tiba kinachochafua mazingira kidogo: mwongozo kwa mhandisi anayeanza kiwandani

Kila wahandisi wapya wanapoingia kwenye kitengo cha ubunifu wa bidhaa, maswali huwa yaleyale. Tuweke plastiki inayooza? Tuanze na katoni au na kifaa chenyewe? Nani anatoa ruhusa? Nimeambiwa nipunguze hewa ukaa ya bidhaa hii, nishike wapi? Nimeandika mwongozo huu ili majibu yakae mahali pamoja. Unakuhusu wewe uliye ndani ya kiwanda kikubwa cha vifaa tiba, chenye kitengo cha ubora, watu wa usajili na watu wa manunuzi, ambako badiliko la skrubu moja hupita kwenye saini nyingi.

Mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni seti ya dripu: mwiba wa kutobolea chupa, chemba ya matone, mrija, kigurudumu cha kurekebisha kasi, kiungio na sindano. Nimeichagua kwa sababu hutumika mara moja ikatupwa, na kwa sababu karibu kila kosa la anayeanza linaonekana ndani yake.

Sheria moja itangulie nyingine zote: usiguse malighafi kabla hujajua madhara ya bidhaa yako yanatokea wapi. Fikiria pampu ya pumu. Ukiishika mkononi unaona plastiki, na ungeweza kupoteza miaka ukiibadilisha hiyo plastiki. Lakini gesi inayosukuma dawa ndani yake, HFA-134a, hupasha joto dunia zaidi ya mara 1,300 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Ndiyo maana kampuni za dawa za GSK, AstraZeneca na Chiesi zimeelekeza nguvu kwenye kubadilisha gesi. Macho peke yake yasingekuonyesha hilo.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Orodha kamili ya sehemu za bidhaa, pamoja na kifungashio, lebo na karatasi ya maelekezo.
- Mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Usitegemee uzito ulioandikwa kwenye michoro.
- Sampuli mpya, angalau kumi, kutoka kwenye matoleo tofauti ya uzalishaji. Usichukue seti zilizotumika wodini. Hizo ni taka zenye maambukizi na hazina nafasi kwenye meza yako.
- Takwimu za kiwanda: umeme, maji, mvuke, na kilo za plastiki zinazotupwa kwa kila toleo. Zinapatikana kwa msimamizi wa uzalishaji, si ofisini.
- Jalada la hatari la bidhaa, lile linalotunzwa kwa kufuata ISO 14971, kiwango cha kimataifa cha kusimamia hatari za vifaa tiba.
- Orodha ya nchi bidhaa inakouzwa.
- Jedwali la Excel. Ukitaka kwenda mbali zaidi, programu ya openLCA, inayokokotoa madhara ya bidhaa kwa mazingira tangu malighafi hadi taka, ni ya bure, ila hifadhidata nzuri kama ecoinvent hulipiwa. Uliza kama kampuni tayari ina leseni.
- Watu watano: mmoja wa ubora, mmoja wa usajili, mmoja wa manunuzi, mmoja wa utakasaji, na muuguzi anayefunga dripu kila siku. Huyu wa mwisho ndiye husahaulika, naye ndiye atakayekuokoa mara nyingi kuliko wengine.

Hatua

1. Andika kazi ya bidhaa kwa sentensi moja. Kwa mfano: "Kumpa mgonjwa mmoja lita moja ya maji kwa njia ya mshipa, kwa usalama." Hesabu zako zote zitalinganishwa kwa sentensi hiyo. Bila hiyo utajikuta unalinganisha kilo ya plastiki hii na kilo ya plastiki ile, wakati moja inahitajika nyingi zaidi kufanya kazi ileile. Kama muundo mpya ni mwepesi lakini seti moja kati ya kadhaa inavuja na muuguzi analazimika kufungua nyingine, sentensi hii itakufichulia kwamba hukuokoa kitu.

2. Vunja, pima, andika. Tenganisha kila sehemu, pima uzito wake, andika imetengenezwa kwa nini na imetoka wapi. Usisahau taka ya kiwandani: vijiti vya plastiki vinavyobaki kwenye moldi, mrija unaokatwa mashine inapowashwa, filamu inayobaki pembeni. Ongeza pia seti zinazokataliwa na kitengo cha ubora, kwa sababu zimekula malighafi na umeme sawa na zile nzima.

3. Ifuate bidhaa hadi inapoishia. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo ninayokuomba uipe muda. Nenda hospitali. Simama na muuguzi uone pochi inachanwa wapi, karatasi inaangukia ndoo gani, mrija unaenda wapi, sindano inatolewaje. Tanzania na Kenya utakuta ndoo za rangi: nyeusi kwa taka za kawaida, njano kwa zenye maambukizi, nyekundu kwa zenye hatari zaidi, na sefti boksi kwa vitu vyenye ncha kali. Kwa mujibu wa WHO, takribani asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni taka za kawaida. Pochi ikichanwa kwenye toroli la dawa inaweza kubaki safi; ikichanwa kitandani juu ya damu inageuka kuwa taka ya kuchomwa. Muundo wa pochi unaweza kuamua hilo.

Tazama na sindano. Kama haichomoki kirahisi, muuguzi ataisokomeza seti nzima ndani ya sefti boksi. Boksi la lita 5 limekusudiwa kubeba takribani mabomba ya sindano 100, na mirija mirefu italijaza kabla ya wakati. Hapo umeongeza maboksi, safari za gari na mafuta ya tanuri, na hakuna hesabu ya hewa ukaa ya kiwandani itakayokuonyesha hilo.

Kisha fika kwenye tanuri la kuchomea taka. Ulaya hutaka joto la nyuzi 1,100 kwa taka hatari zenye zaidi ya asilimia 1 ya klorini na jamii yake. Tanuri dogo la matofali nyuma ya kituo cha afya ni nadra kushikilia joto hilo. PVC tupu (plastiki ya mrija wa dripu, bila kilainishi) ina klorini takribani asilimia 57 ya uzito wake, na ikiungua kwa joto dogo hutoa dioksini, sumu ambayo nchi zilikubaliana kuipunguza katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Kama bidhaa yako inauzwa kupitia MSD au KEMSA, bohari za dawa za serikali za Tanzania na Kenya, moshi huo ni sehemu ya muundo wako.

4. Tafuta penye uzito. Ingiza takwimu zako kwenye jedwali: malighafi, uzalishaji, utakasaji, usafirishaji, matumizi, mwisho. Panga kutoka kubwa kwenda ndogo. Zile mbili au tatu za juu ndizo kazi yako, nyingine ziache kwa sasa. Angalia hasa usafirishaji wa ndege. Tani moja kwa ndege hutoa hewa ukaa makumi ya mara kuliko kwa meli kwa umbali uleule, na mara nyingi bidhaa hupandishwa ndege kwa sababu mpango wa uzalishaji ulichelewa. Kurekebisha ratiba kunaweza kuokoa zaidi ya kubuni upya kifaa.

Onyo: usipime hewa ukaa peke yake. Ukifanya hivyo unaweza kupunguza kaboni huku ukiongeza maji, taka au sumu. Johnson & Johnson ilianzisha mwaka 2009 utaratibu ulioitwa Earthwards, ambamo bidhaa ilitakiwa kuonyesha maboresho makubwa angalau matatu kati ya maeneo saba, yakiwemo malighafi, kifungashio, nishati, taka na maji. Chukua wazo hilo hata kama kampuni yako haina utaratibu wenye jina.

5. Chora mstari usiovukwa. Kaa na mtu wa ubora, andika kwa pamoja mambo ambayo hakuna akiba ya mazingira itakayoyanunua. Kwa seti ya dripu: haina vimelea hadi mwisho wa muda wake, haivujishi, haiingizi hewa, matone 20 yanatoa mililita 1 kama kiwango cha seti za dripu, ISO 8536-4, kinavyotaka, na kiungio kinashika kwenye kanula yoyote ya kawaida. Mgonjwa aliyepata maambukizi hulazwa siku zaidi, hutumia antibiotiki, mashuka, umeme na vifaa vingine. Bidhaa isiyo salama haiwezi kuitwa rafiki wa mazingira hata ikiwa nyepesi kama karatasi.

6. Punguza kwanza. Hapa ndipo ushindi wa mapema ulipo, kwa sababu vitu vingi havimgusi mgonjwa na idhini yake huwa nyepesi.

Anza na pochi. Tuseme ni sentimita 20 kwa 12, nawe ukikunja mrija vizuri zaidi unaweza kuishusha hadi 17 kwa 12. Umeokoa asilimia 15 ya karatasi na filamu bila kugusa kifaa. Kosa la kawaida ni kuishia hapo. Katoni ikibaki ileile na idadi ileile ya seti, inabaki na nafasi tupu, inabonyea kwenye paleti, na unasafirisha hewa kutoka kiwandani hadi Mombasa. Pochi ikibadilika, hesabu upya katoni, paleti na kontena siku hiyohiyo.

Angalia aina ya pochi pia. Tyvek, kitambaa cha nyuzi za plastiki kinachofanana na karatasi, ni imara sana, lakini seti ya dripu haina makali ya kuchana karatasi nzuri ya hospitali. Tumia Tyvek pale tu jaribio linapoonyesha karatasi haitoshi. Na kama unaweza, fanya upande wa karatasi na upande wa filamu vitengane bila mabaki, ili hospitali yenye mpango wa kurejeleza iweze kuvigawa.

Karatasi ya maelekezo: je, lazima iwe ndani ya kila pochi, au moja kwa kila katoni inatosha? Ulaya imeruhusu maelekezo ya kielektroniki kwa makundi fulani ya vifaa kupitia kanuni 2021/2226. Lakini zahanati isiyo na intaneti haitafungua kiungo chako. Uliza kila soko kabla ya kuondoa karatasi, na michoro ya muhimu ibaki kwenye pochi.

Mwisho kwenye hatua hii, gramu za kifaa chenyewe. Kuta za chemba ya matone huenda ni nene kuliko inavyohitajika kwa sababu moldi ilichongwa zamani na hakuna aliyeuliza tena. Urefu wa mrija una kikomo cha chini kwenye kiwango cha ISO, kwa hiyo usikimbilie mkasi. Na usipunguze unene moldi ikiwa mpya. Subiri wakati wa kuibadilisha, vinginevyo gharama itaua pendekezo lako lote.

7. Sasa gusa malighafi. Mrija wa PVC hulainishwa kwa kilainishi, na kwa miaka mingi kilainishi hicho kimekuwa DEHP, ambacho katika PVC laini ya hospitali mara nyingi hufika asilimia 30 hadi 40 ya uzito. Kanuni ya Ulaya ya vifaa tiba, 2017/745, inataka uthibitisho na lebo kikizidi asilimia 0.1 kwenye sehemu zinazopitisha majimaji kwenda mwilini, kwa kuwa DEHP inahesabiwa kuwa na madhara kwa uzazi. Una njia mbili.

Ya kwanza ni kubaki na PVC na kubadilisha kilainishi, kwa mfano DEHT au TOTM. Mashine hubaki zilezile na gundi ileile. Klorini inabaki pia, na kwa tanuri dogo la wilayani hujatatua kitu.

Ya pili ni kuacha PVC na kutumia poliolefini (jamii ya plastiki za polithini na polipropilini) au elastoma laini, yaani plastiki inayonyumbuka kama mpira. Klorini inaondoka, uzito unapungua, na dawa kama nitrogliserini, ambazo hunaswa na PVC, hupita vizuri zaidi. Gharama yake ni kwamba viungo vya PVC hugundishwa kwa kiyeyushi kama saiklohekzanoni, na kiyeyushi hicho hakishiki poliolefini. Itabidi ubadilishe namna ya kuunganisha kila sehemu. Kwa maoni yangu, kama soko lako kubwa ni hospitali zenye matanuri madogo, njia ya pili ndiyo ya haki, hata ikichukua muda mrefu.

Kuhusu plastiki inayooza, swali linalokuja kuliko yote: kwa kifaa kinachogusa damu, hapana. PLA, plastiki inayooza inayotokana na mimea, huhitaji mtambo maalumu wa mboji wenye joto, na hakuna mtambo wa mboji utakaopokea mirija yenye damu. Tena PLA huanza kulainika karibu na nyuzi 60, na kontena juani linaweza kukaribia joto hilo.

Onyo: malighafi yoyote mpya inayogusa dawa au damu hufungua upya majaribio ya ISO 10993, yale ya usalama wa malighafi kwa mwili. Weka hilo kwenye ratiba kabla ya kumwahidi bosi tarehe.

8. Pitia utakasaji. Seti nyingi za dripu hutakaswa kwa ethilini oksaidi. Ni gesi inayofanya kazi nzuri, lakini IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, iliiweka mwaka 1994 kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, na Marekani ilibana masharti ya viwanda vinavyoitumia mwaka 2024. Kaa na mtaalamu wa utakasaji, uliza maswali matatu: je, chemba hujazwa kikamilifu kila mzunguko? Je, kiwango cha gesi kiliwekwa kwa kipimo au kwa woga? Je, katoni na karatasi nyingi ndani yake zinanyonya gesi na kurefusha muda wa kupunga hewa? Hapo utaona jinsi karatasi uliyoondoa kwenye hatua ya 6 inavyokulipa mara ya pili. Kuhamia kwenye mionzi ya gama kunawezekana, ila PVC hugeuka njano na polipropilini ya kawaida hupukutika, kwa hiyo ni uamuzi wa kufanywa pamoja na hatua ya 7.

9. Jaribu kana kwamba ni bidhaa mpya. Pochi hupimwa kwa ISO 11607: nguvu ya mshono, uvujaji, uzee wa haraka kwenye joto, na usafiri wa kutikiswa na kuangushwa. Uzee wa haraka hauondoi uzee wa kawaida. Weka sampuli kabatini siku hiyohiyo. Kisha mpe muuguzi wako afungue pochi akiwa amevaa glavu zenye unyevu. Usimwambie kilichobadilika, mtazame tu.

10. Sajili, kisha ndipo useme. Mpe mtu wa usajili orodha ya mabadiliko mapema. Kila soko lina taratibu zake na mamlaka yake ya dawa na vifaa tiba, TMDA kwa Tanzania, PPB kwa Kenya, na Ulaya kupitia taasisi yao ya ukaguzi. Kuhusu matangazo, usiandike "rafiki wa mazingira" kwenye katoni. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya 2024/825 yanakataza madai ya jumla yasiyo na ushahidi. Andika ulichopima: "Kifungashio kimepungua asilimia 15 kwa uzito ikilinganishwa na muundo uliopita."

11. Pima tena bidhaa ikiwa sokoni. Rudi na mizani kwenye seti zilizotoka kiwandani. Mara nyingi unene uliopunguzwa kwenye mchoro umerudi kimyakimya kwa sababu fundi wa mashine aliongeza shinikizo ili kuondoa kasoro. Soma pia malalamiko ya wateja, kwa kuwa seti inayorudishwa ni taka mara mbili.

Mambo yakikwama

*Mshono wa pochi mpya unafunguka.* Kabla ya kulaumu karatasi, angalia joto, shinikizo na muda wa mashine ya kubandika. Karatasi nyepesi huhitaji mpangilio wake. Fanya majaribio ya mipaka ya juu na ya chini, usibahatishe katikati.

*Mrija mpya unakunjika na kuziba.* Poliolefini hukumbuka namna ilivyoviringishwa. Ongeza kipenyo cha mviringo ndani ya pochi au ubadilishe daraja la malighafi. Usiongeze unene kwanza, utarudisha gramu zote ulizookoa.

*Hesabu zinaonyesha hakuna tofauti.* Huenda umegusa sehemu ndogo. Rudi hatua ya 4. Huenda pia takwimu za hifadhidata ni za umeme wa nchi nyingine. Kiwanda kinachotumia umeme wa Kenya, ambao sehemu kubwa yake ni jotoardhi, maji na upepo, hakiwezi kuhesabiwa kama kinachotumia umeme wa makaa ya mawe.

*Muuzaji wa malighafi hatoi takwimu.* Usimwandikie barua ya maswali hamsini. Mwombe vitu vitatu: umeme kwa kilo, asilimia ya taka, na nchi ya asili ya malighafi. Weka maombi hayo kwenye mkataba unapohuishwa, mtu wa manunuzi ndiye mwenye nguvu hapo.

*Uongozi unasema ni gharama.* Tenga orodha mbili. Ya kwanza iwe na yale yanayopunguza gharama papo hapo, kama pochi, katoni na ratiba ya meli. Ya pili iwe na yale yanayolinda soko. NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, kwa mfano, imetangaza kwamba kuanzia 2028 itaweka masharti ya kupima hewa ukaa ya bidhaa mojamoja. Peleka orodha ya kwanza leo, na ombi la fedha za ile ya pili liambatane na akiba iliyopatikana.

*Wauguzi wanakataa muundo mpya.* Waamini. Nenda wodini zamu ya usiku, mwanga ukiwa hafifu na mtu mmoja akihudumia vitanda vingi, uone pochi inavyofunguliwa kwa mkono mmoja. Ukiona inachanwa kwa meno au kwa mkasi, irudishe kwenye hatua ya 9 hata kama idhini zote zimeshatoka.